Televisheni ya chogo imechoka: tuipeleke kwa fundi au tununue nyingine?

 

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini ndani ya nyumba nyingi limezua mabishano, madeni na wakati mwingine machozi. Nalo ni ile televisheni kongwe iliyokaa sebuleni, yenye mgongo uliochomoza nyuma, ambayo watu wetu wameipa jina la "chogo". Picha yake imefifia, sauti inakwenda na kurudi, na kila jioni mtoto mmoja hupewa kazi ya kuipiga kibao ubavuni ili iamke. Baba anasema apelekewe fundi. Vijana wanasema zama za chogo zimepita, inunuliwe ile bapa ya kutundikwa ukutani. Mama anakumbusha kuwa tangi la maji ya mvua bado halijasakafiwa. Nani kati yao amesema kweli?

Tumelichagua eneo la Masasi na Newala kuwa mfano wetu, kwa kuwa huko suala hili lina uzito wa pekee. Kuanzia Masasi yenye majabali yake hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, ambako ukisimama ukingoni mwa Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako, pato la familia nyingi huja mara moja kwa mwaka, msimu wa korosho. Minada ikianza mwezi wa Oktoba, fedha huingia. Na fedha zikiingia, kila haja iliyokuwa imesubiri mwaka mzima hubisha hodi siku hiyohiyo. Ada ya shule, bati za nyumba, deni la salfa ya kupulizia mikorosho, maji, harusi ya binti, na televisheni nayo imo katika foleni hiyo.

ILIFIKAJE SEBULENI KWETU

Si vibaya kukumbushana tulikotoka. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilibaki na redio kwa miaka mingi baada ya hapo, hadi mwaka 1994 vituo binafsi vya kwanza, kikiwamo ITV, vilipoanza kurusha matangazo jijini Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo ndiyo iliyokuja kuwa sehemu ya TBC.

Kusini tulichelewa zaidi. Umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Miji hii ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, mpaka gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kutumika kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi katika miaka ya 2000. Kwa hiyo chogo lililoingia Newala wakati huo lilikuwa jambo la mtaa mzima. Aliyekuwa nalo alilitoa barazani, majirani wakaja na mikeka yao. Mengi ya machogo hayo yalinunuliwa kwa fedha za korosho, yakapandishwa mlimani juu ya malori na mabasi, yamefungwa kwa mablanketi kama mgonjwa.

Kisha yakaja mageuzi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Kuanzia hapo antena ya zamani peke yake haikuwa na kazi. Ilibidi kununua king'amuzi. Watu wengi walidhani kuwa televisheni zao zimekufa siku hiyo, na wapo waliozitupa au kuziuza kwa bei ya kutupa. Ukweli ni kwamba televisheni hazikuwa na ugonjwa wowote. Kilichobadilika ni lugha ya mawimbi, na king'amuzi ni mkalimani tu. Chogo lililo zima, likiunganishwa na king'amuzi, liliendelea kuonyesha kama kawaida. Tunalitaja hili kwa sababu kosa hilohilo la kuhukumu kabla ya kuchunguza linaendelea hadi leo.

KWANZA TUJUE ANAYEUMWA NI NANI

Kabla ya kumwita fundi, na kabla ya kuhesabu noti za kununulia nyingine, familia iwe na subira ya kuchunguza. Aghalabu anayelaumiwa si mkosaji.

Ikiwa skrini inawaka lakini hakuna picha, au pana maandishi ya kwamba hakuna mawimbi, tazama king'amuzi na ungo kabla ya televisheni. Ungo uliosukumwa na upepo wa mlimani, au waya ulioingia maji ya masika, hukata picha kabisa. Ikiwa picha haina rangi au sauti haisikiki, tazama zile nyaya tatu zinazotoka kwenye king'amuzi: ya njano ni ya picha, nyekundu na nyeupe ni za sauti. Mara nyingi moja imelegea, au mtoto ameichomeka pasipo pake. Ikiwa rangi zimejikusanya pembeni kama doa la zambarau, huenda spika kubwa ya redio imewekwa karibu mno, kwani ndani ya spika mna sumaku, nayo huvuruga rangi za chogo. Isogeze spika, uizime televisheni kwa muda, kisha uiwashe tena.

Ikiwa haiwaki kabisa, jaribu soketi nyingine na uangalie waya wake. Umeme unaopanda na kushuka ni adui mkubwa wa vyombo vyetu. Ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinachoumia kwanza ni sehemu ya ndani inayopokea umeme na kuugawa, ambayo mafundi huiita pawa saplai. Ndiyo maana stabilaiza, au walau desturi ya kuchomoa waya umeme unapokatika na wakati wa radi, huokoa fedha nyingi. Wakati wa radi chomoa na waya wa ungo pia.

Njia rahisi ya kupata jibu ni kuazima. Chukua king'amuzi chako ukakijaribu kwenye televisheni ya jirani, au umwombe jirani alete chake. Dakika kumi za ujirani mwema zinaweza kukuokolea gharama ya safari ya kwenda mjini.

YANAYOTIBIKA NA YASIYOTIBIKA

Ikithibitika kuwa mgonjwa ni televisheni yenyewe, bado hatujafika kaburini. Chogo lina sifa moja ambayo vyombo vingi vya leo havina: limetengenezwa kwa vipande ambavyo fundi anaweza kuviona kwa macho, kuving'oa kimoja kimoja na kuvibadilisha.

Chogo lililokufa ghafla baada ya umeme kurudi, mara nyingi limeungua fyuzi au vipande vichache vya pawa saplai. Hilo hutibika. Picha iliyogeuka kuwa mstari mmoja mweupe unaong'aa katikati ya skrini humwelekeza fundi kwenye sehemu inayotandaza picha juu na chini. Mara nyingi ni kipande kimoja kilichokufa au solda iliyopasuka kwa joto la miaka mingi. Hilo nalo hutibika. Televisheni inayozima baada ya kupata moto, au inayochelewa kuwaka, huenda ina kapasita zilizovimba au kukauka. Hutibika pia, na kwa kawaida gharama yake si kubwa.

Lakini yapo maradhi ya uzee. Bomba la kioo lenyewe, lile lenye skrini mbele na shingo nyembamba nyuma, likichoka halirudi ujanani. Dalili zake ni picha hafifu isiyokolea hata ukiongeza mwanga, inayochukua muda mrefu kutokea, na maandishi yaliyotawanyika kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Fundi mkweli atakwambia kuwa kubadilisha bomba hakuna maana, kwa sababu viwanda vikubwa duniani vimekwishaacha kuyatengeneza na linalopatikana ni la televisheni nyingine kongwe. Vilevile, televisheni inayotoa mlio wa kupasukapasuka na harufu ya kuungua izimwe mara moja na ichomolewe, kwani hapo si suala la picha tena bali ni la moto ndani ya nyumba.

Na hapa tunatoa onyo kwa vijana wetu wenye vidole vyepesi. Asithubutu mtu asiyejua kulifungua chogo kwa bisibisi ya jikoni. Ndani ya televisheni ya rangi ya aina hii mna umeme unaozidi volti 20,000, na bomba lake huweza kuhifadhi nguvu hiyo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Umeme wa nyumba ni volti 230 tu, na tunajua unavyoua. Isitoshe, bomba lile limenyonywa hewa yote. Likipigwa kwa nguvu hupasuka kwa kishindo na kurusha vioo. Kujitengenezea mambo yetu wenyewe ni sunna, na imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Lakini kiatu hakiui. Kila kazi ina watu wake, na nafsi ni amana.

MKATABA NA FUNDI

Wazee wetu walituusia tusitupe mbachao kwa msala upitao. Kutengeneza kilichopo ni njia ya kujiepusha na israfu, ambayo Qur'ani Tukufu imeikemea katika Suratul Israa na kwingineko. Hata hivyo, safari ya kwenda kwa fundi nayo ina adabu zake, na hapo ndipo watu wengi wa pande zote mbili hukosea.

Malalamiko tunayoyasikia ni yaleyale kila mahali. Mteja hulalamika kwamba aliacha televisheni yenye tatizo moja akarudishiwa yenye matatizo matatu. Kwamba kipande kizima kilichomolewa na kupachikwa kwenye televisheni ya mtu mwingine. Kwamba aliambiwa aje Jumamosi, na Jumamosi zimekuwa kumi. Fundi naye hulalamika kwamba mteja haleti fedha za vifaa, anataka kazi kwa mkopo, na baada ya kazi kwisha hutoweka hadi msimu ujao, huku rafu zikiwa zimejaa machogo ya watu wasiojulikana waliko.

Dawa ya yote haya imo katika sheria yetu. Kazi ya fundi ni mkataba wa ujira, na mkataba wa ujira unataka mambo mawili yajulikane: kazi ni ipi na malipo ni kiasi gani. Kusema "we tengeneza tu, tutaelewana" ni mlango wa ugomvi. Inafaa fundi apewe kwanza kazi ya kuchunguza, kwa ujira mdogo unaojulikana. Akishapata ugonjwa amwambie mwenyewe, ataje bei ya kifaa na bei ya mkono wake, ndipo mwenyewe aamue. Yaandikwe kwenye karatasi, hata ya daftari la shule: jina la televisheni, tatizo, bei, siku ya kuchukua. Na mteja aombe arudishiwe kifaa kilichoharibika, ili moyo wake utulie.

Televisheni iliyoachwa kwa fundi ni amana mikononi mwake, na Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun Nisaa kurudisha amana kwa wenyewe. Kuchomoa kipande cha huyu ukampa yule ni hiyana, hata kama mwenyewe hatajua. Je, ikiibiwa au ikiungua dukani, fundi atalipa? Maulamaa wamekhitilafiana. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoifuata, ni kwamba fundi halipi ikiwa hakuzembea wala hakuvuka mipaka; madhehebu ya Imamu Malik yanawabebesha mafundi dhamana zaidi ili kulinda mali za watu. Tofauti hii yenyewe inatufundisha tukubaliane mapema. Na ugonjwa ukitokea katika ukubaliano, mwendeeni sheikh wa mtaa kabla ya kuendeana mahakamani.

Fundi aliyekaa na chogo lisilofuatwa kwa mwaka mzima asiliuze kwa kujiamulia. Aseme tangu siku ya kwanza, na aandike, kwamba baada ya muda fulani chombo kitauzwa, ajira yake ikatwe na salio lihifadhiwe kwa ajili ya mwenyewe. Nawe mteja, kumbuka tulivyohimizwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Fundi wa Masasi aliyeagiza kifaa Kariakoo, umbali wa zaidi ya kilomita 500, ametanguliza fedha zake na imani yake kwako.

NI WAKATI GANI TUNUNUE NYINGINE

Hatusemi kwamba kila kikongwe kitengenezwe. Kukarabati kupita kiasi nako ni ubadhirifu. Tunapendekeza vipimo vitatu.

Cha kwanza, gharama. Tuseme televisheni mpya ya wastani dukani ni shilingi 350,000. Fundi akitaja shilingi 30,000 kwa tatizo linalotibika, tengeneza. Akitaja 150,000 kwa chogo ambalo bomba lake limeanza kufifia, fedha hiyo ni bora iwe mwanzo wa kununua nyingine.

Cha pili, marudio. Chombo kilichokwenda kwa fundi mara tatu ndani ya mwaka kinakupa habari, isikilize.

Cha tatu, umeme. Chogo la inchi 21 hutumia takriban wati 80, wakati bapa ya kisasa ya inchi 32 inaweza kutumia wati 40 hivi. Kwa saa tano kila siku, la kwanza litakula uniti 12 za Luku kwa mwezi na la pili uniti 6. Tofauti ipo, lakini uniti sita kwa mwezi peke yake si sababu ya kutupa chombo kizima. Kwa anayetumia umeme wa jua, hesabu ni nyingine: betri ndogo itaibeba bapa kwa saa nyingi zaidi, na hapo kubadilisha kuna hoja.

Ukiamua kununua, usiangalie wembamba na inchi pekee. Hakikisha ina matundu ya king'amuzi ulicho nacho, ama yale ya nyaya tatu za rangi au ule mdomo mmoja mpana wa kisasa. Iwashwe mbele yako kwa muda, si dakika moja. Upewe risiti na dhamana iliyoandikwa. Kama ni ya mtumba, muuzaji ana wajibu wa kutaja kila aibu anayoijua. Tunakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) alipoutia mkono wake kwenye lundo la chakula sokoni, akakuta chini kuna unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Televisheni yenye mstari kwenye skrini inayofichwa kwa picha ya rangi nyingi ni chakula kilekile kilicholowa.

Na ujue kuwa bapa haina uvumilivu wa chogo. Skrini yake ikipasuka kwa mpira wa mtoto, kwa kawaida haitengenezeki kwa bei yenye maana. Mlete stabilaiza na yeye, si kesho, siku hiyohiyo.

FEDHA ITOKE WAPI

Hapa ndipo penye moyo wa makala yetu, kwani televisheni yenyewe ni halali au si halali kwa kinachotazamwa, lakini fedha iliyoinunua huweza kuwa haramu kabla hata haijawashwa.

Kusini tuna msiba unaoitwa kangomba. Miezi ya kiangazi, mikorosho ikiwa bado katika maua, mwenye shida humwendea mwenye fedha. Hupewa kiasi kidogo, naye huahidi korosho zitakapopatikana, kwa bei au kipimo ambacho mnunuzi amejipangia. Serikali imeupiga marufuku mtindo huo, na mwaka 2018, wakati Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo kwa kulitumia Jeshi, uhakiki wa mashamba ulifanyika ili kuwabaini waliokusanya korosho kwa njia hiyo. Lakini kangomba haikuanza mwaka huo wala haikwishia hapo.

Tupige hesabu. Chukua bei ile ya 3,300 iwe kipimo chetu tu, kabla ya makato. Televisheni ya shilingi 350,000 ni sawa na kilo 106 hivi za korosho. Sasa tuseme baba hakusubiri mnada, akaziuza katika maua kwa shilingi 1,500 kwa kilo. Atahitaji kutoa zaidi ya kilo 233. Tofauti ni kilo 127, ambazo kwenye mnada zingempa zaidi ya shilingi 419,000. Yaani amenunua televisheni moja kwa bei ya mbili na zaidi, na ile ya pili amemzawadia mtu ambaye hana hata mkorosho mmoja.

Kisheria nako kuna tatizo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kukomaa kwake. Kuna mkataba halali unaoitwa salam, wa kulipa leo na kupokea mazao baadaye, lakini una masharti: bei yote ilipwe palepale, kipimo na uzito vijulikane, muda ujulikane, na mazao yatajwe kwa sifa bila kufungwa kwenye miti fulani ambayo huenda isizae. Kangomba aghalabu haina hata moja ya hayo, na bakuli linalotumika kupimia ni la mnunuzi. Tuisome Suratul Mutaffifin tukiwa na bakuli hilo akilini.

Mlango wa pili ni mikopo ya mitaani inayoitwa "kausha damu". Jina limejieleza lenyewe. Mtu hukopa 300,000 arudishe 400,000, akichelewa huongezewa, na dhamana ni vyombo vya ndani. Wapo ambao televisheni waliyoikopea ndiyo ya kwanza kubebwa. Hii ni riba wazi, na hukumu yake katika Suratul Baqara haihitaji maelezo yetu. Tukumbuke pia kuwa korosho haina ahadi. Msimu wa 2018 wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa miezi. Aliyekuwa amekopa kwa kutegemea Desemba aliikuta Desemba imepita mikono mitupu. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Je, hakuna njia? Ipo. Muuzaji anaweza kukuuzia kwa malipo ya awamu, na jamhuri ya maulamaa wameruhusu bei ya awamu iwe juu kuliko ya taslimu, ilimradi mmekubaliana bei moja kabla ya kuachana na hakuna nyongeza ukichelewa. Andikeni na muweke mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Ndugu wanaweza kuchangishana kwa zamu, kila mwezi mmoja akapokea, bila faida kwa yeyote. Na ipo njia ya wazee, nayo ni kusubiri: kutenga kidogo katika kila malipo ya chama cha msingi mpaka kitimie.

Tena tupange mambo kwa daraja zake. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Maji yako bondeni, na kwa miaka mingi wanawake wameyapandisha mlima kichwani. Nyumba yenye bati na tangi la kuvunia mvua imempunguzia mama safari hizo kwa miezi. Nyumba isiyo na tangi lakini ina bapa mpya ukutani imempa mama kitu cha kutazama akirudi kisimani. Mume anayesimamia familia atajua kipi kitangulie.

CHOGO LITAKWENDA WAPI

Televisheni mpya ikishaingia, kikongwe kisiwe takataka ya kutupwa nyuma ya choo. Kioo cha chogo kina madini ya risasi, na katika televisheni ya rangi yanaweza kufika kilo moja na zaidi. Likivunjwa, vumbi lake na unga uliopakwa ndani ya skrini ni sumu, hasa kwa watoto. Vijana hulivunja ili wapate shaba, kisha huchoma nyaya wakivuta moshi wake. Kwa watu wanaokunywa maji ya mvua na ya visima, jalala la machogo ni jambo la hatari. Nchi yetu ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki tangu mwaka 2021, chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMC. Lakini hata bila kanuni, dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine.

Kama bado linaonyesha, mpe jirani asiye nacho, au uliuze kwa kutaja aibu zake zote. Kama limekufa, mpe fundi. Atapata ndani yake vipuri vitakavyoponya mengine mawili. Kama linangoja, likae chini mahali imara. Chogo lina uzito wake wote mbele, na likiwekwa juu ya meza dhaifu au kabati la droo, mtoto akivuta kitambaa cha fuma kilichotandikwa humwangukia kichwani. Bapa nayo ifungwe barabara, kwani ni nyepesi kuanguka.

TUSHAURIANE

Mwisho, ndugu msomaji, jambo hili liamuliwe kwa shura ya nyumba. Baba aseme fedha ilivyo, bila kuficha deni. Mama aseme haja za nyumba. Vijana wasikilizwe, kwani nao wana sababu zao: wanataka taarifa, masomo, mpira, na mawaidha yanayorushwa na vituo kama TV Imaan. Kisha wakubaliane, na wakubaliane pia televisheni itakapozimwa: wakati wa adhana, wakati wa madrasa, na usiku watoto wanapolala.

Pengine watagundua kuwa kilichokuwa kimeharibika ni waya wa njano tu. Pengine wataamua kumlipa fundi 30,000 na kusakafia tangi kabla ya mvua za Desemba. Na wakinunua mpya kwa fedha halali, iliyotimia, basi waiwashe kwa shukurani na wasimwonee haya mtu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atubariki katika mazao yetu, atuepushe na riba na israfu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutunza amana. Wabillahi tawfiq.